Miaka sita ya umetroni kwenye nesingi homu ya Marekani. Ulizeni, ila nianze na kisigino

#1 Nesi wa Muheza

Shikamooni wakubwa. Wadogo, mambo vipi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimyakimya miaka mingi. Leo nina mapumziko, nje theluji imefika magotini na chai ya tangawizi ipo, basi acha nilipe deni. Kila mwezi vijana hunitumia ujumbe wakiulizia kazi ya CNA huku, ule uhudumu wa kuogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza. Sijawahi kuulizwa habari za yule anayekaa juu ya wahudumu na manesi wote na kubeba lawama zao. Huyo ndiye mimi. Cheo kinaitwa DON. Kwa hospitali zetu ungesema metroni, ila huyu ni metroni asiye na daktari jengoni. Sheria inataka mkazi mpya aonwe na daktari walau mara moja kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, halafu kila siku 60. Siku nyingine zote ni sisi na simu.

Kituo chetu kina vitanda 90 hivi, kwenye jimbo la baridi. Jina nitalimeza. Nilianza nikiwa CNA, nikasoma LPN, yaani nesi wa ngazi ya chini, nikamalizia RN, nesi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu. DON lazima awe RN na awe wa muda wote. Sheria hiyohiyo inataka RN awepo jengoni walau saa 8 mfululizo kila siku, siku 7 za wiki. Sasa pigeni hesabu ya saa 16 zinazobaki. Saa tisa usiku wazee 90 wako na LPN wawili na wahudumu watano, na RN wa kuulizwa ni mtu aliyelala na simu chini ya mto. Mume wangu alishahamia chumba cha wageni, na simlaumu.

Turudi kwenye kisigino.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye cheo tulipokea mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, amevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Alikuja kwa mazoezi ya wiki chache kisha arudi kwake. Tulimpima kwa kipimo cha Braden, kile cha hatari ya vidonda vya mgandamizo, kinachoanzia 6 hadi 23. Ukiwa 18 kushuka chini uko hatarini. Yeye alipata 14. Tukaandika mpango mzuri sana: ageuzwe kila baada ya saa mbili, visigino vining'inie, mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili kisigino kisiguse godoro. Karatasi ilikuwa safi, ungeweza kuitundika ukutani.

Ijumaa jioni mhudumu mmoja, mama wa Kihaiti, alimwambia nesi wa zamu: kisigino cha kulia ni chekundu, nimekibonyeza na hakiwi cheupe. Alikuwa sahihi kabisa. Ngozi nzima ukiibonyeza kwa kidole gumba inapauka, ukiachia damu inarudi. Ikibaki nyekundu, hicho tayari ni kidonda daraja la kwanza, hata kama ngozi haijachanika. Nesi alikuwa na kigari cha dawa cha watu 30 na simu mbili zinalia. Akasema, nitaangalia. Hakuangalia. Jumamosi na Jumapili wakaja watu wa wakala, wale wa kukodiwa kwa zamu, wasiomjua mzee. Jumatatu nikaitwa: kisigino kina lengelenge la zambarau iliyokolea, ukigusa ni laini kama embe lililoiva kupita kiasi. Maana yake nyama ya ndani imeshakufa, juu bado kuna ngozi.

Mzee aliyekuja kwa wiki chache akakaa miezi mitano.

Nikachukua kumbukumbu za siku zile tatu. Kila baada ya saa mbili kuna alama ya vema: amegeuzwa, amegeuzwa, amegeuzwa. Jumamosi saa nne asubuhi, vema. Saa nne asubuhi ile mzee alikuwa chumba cha mazoezi ameshika vyuma anajaribu kusimama! Nani alimgeuza, na kitanda gani? Ile fomu niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa ajili ya kuwaonyesha wakaguzi. Nilijenga mtambo wa kuzalisha vema.

Nikamwita yule mama wa Kihaiti. Sikumgombeza, nilimuuliza tu kwa nini hakuja kwangu Ijumaa. Akasema, "Nikipita kwako mlango umefungwa. Na nikiwaambia manesi, wananiambia mimi si nesi."

Kwa hiyo wanaosema hii kazi ni uuguzi wanasema nusu tu. Mimi tangu siku ile naiona ni kazi ya kuhakikisha habari mbaya inanifikia ingali ndogo, na aliye nayo mara nyingi ni mtu wa mshahara wa chini kuliko wote jengoni. Ulizeni, nipo.

#2 Dada Njiro

Uzi umenifunga mdomo. Mimi nasomea uuguzi hapa Arusha. Swali la kizembe kidogo: mshahara wa DON unalipa kuliko RN wa kawaida?

#3 Nesi wa Muheza

Si swali la kizembe mdogo wangu, ndilo swali. Unalipa zaidi kwenye karatasi. Ila ni mshahara wa jumla, hakuna ovataimu. RN wa zamu akibaki saa nne za ziada analipwa mara moja na nusu. Mimi nikibaki saa nne nalipwa pole. Kuna miezi ya baridi niligawanya mshahara wangu kwa saa nilizofanya nikakuta RN wangu mmoja ananizidi kwa saa. Nilifunga kikokotoo, nikaenda kulala.

#4 Ngosha wa Minnesota

Samahani mleta uzi lakini mimi nina uchungu na madoni. Mimi ni CNA mwaka wa nne. Tunapangwa wawili kwa wazee 36, halafu DON anapita na kishikwambi anauliza kwa nini kengele ya chumba fulani imelia dakika 12. Ratiba anapanga yeye! Mnatuua migongo halafu mnaleta keki wiki ya wauguzi.

#5 Mzee wa Kahawa

Ngosha umesema. Ngoja aje ajibu.

#6 Nesi wa Muheza

Ngosha, uchungu wako ni halali, na keki nimewahi kuileta. Tena ya karoti.

Ila nikufungulie jikoni uone. DON hapangi idadi kutoka hewani. Anapewa namba, na namba hiyo ni saa za uuguzi kwa mkazi mmoja kwa siku. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya kiwango cha chini cha saa 3.48 kwa kila mkazi, ndani yake saa 0.55 za RN na 2.45 za wahudumu, pamoja na RN jengoni saa zote 24. Wenye vituo wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa Texas akaitupa. Sasa fanya hesabu ya 3.48 kwa wazee 90: saa 313 kwa siku. Gawanya kwa zamu za saa 8, unapata kama watu 39 kwa siku nzima, manesi na wahudumu pamoja, zamu zote tatu. Inaonekana wengi, eeh? Toa wanaohudhuria mikutano, anayempeleka mzee kliniki, aliyeumwa mgongo anayekunja nguo tu, na wale wawili waliopiga simu alfajiri kuwa gari haliwaki. Hapo ndipo unapobaki na watu wawili kwa 36.

Na kuna jambo ambalo madoni hatupendi kulisema mbele za watu. Vituo hutuma saa zote zilizolipwa kwa serikali kila robo mwaka, na kutokana na hizo vinapewa nyota kwenye tovuti ya serikali, moja hadi tano. Kwenye nyota za RN, saa zangu mimi za ofisini nazo zinahesabiwa. Kwa hiyo mtoto wa mzee anayesoma nyota anadhani kuna RN pembeni ya kitanda, kumbe RN huyo yuko kwenye kikao cha bajeti akila biskuti. Ni halali kabisa. Nami nimo kwenye hesabu.

Nilichofanya ndani ya namba ile hakikuwa kikubwa. Niliacha kupanga ratiba kwa wiki mbilimbili, nikaweka wiki sita mbele, watu wapange maisha. Nikawapa wahudumu wazee walewale kila siku badala ya kuwazungusha, kwa sababu anayemwosha mtu kila siku ndiye anayejua mgongo wake ulikuwaje jana. Na nikaacha kuwapigia simu watu siku yao ya mapumziko kabla sijaingia mwenyewe wodini. Hili la mwisho nililipata usiku wa dhoruba ya theluji. Watu wanne hawakufika, wakala akasema hana mtu hadi kesho. Nesi wa jioni akakubali kubaki aongoze zamu, mimi nikachukua kigari cha dawa cha upande wa mashariki. Nilikuwa sijasukuma kigari miaka miwili. Nilitumia saa tatu kutoa dawa ambazo manesi wangu wanatakiwa kutoa kwa saa mbili, na haohao nilikuwa nikiwaandikia barua za kuchelewa. Nilirudi ofisini nikazitoa barua tatu kwenye mafaili yao.

Kuhusu dakika 12 za kengele, hapo nitamtetea DON wako kidogo. Mzee anayelia kengele dakika 12 anakwenda chooni peke yake dakika ya 13, na huko ndiko nyonga zinakovunjika. Aulize, ila baada ya kuuliza avue koti aingie chumbani.

#7 Ngosha wa Minnesota

Barua za kuchelewa umezitoa kweli? Basi nakunywa maji. Endelea dada.

#8 Mtoto wa Patroni

Wakaguzi wakoje? Huku kwetu mkaguzi akija wiki nzima kabla mnapaka rangi mawe.

#9 Nesi wa Muheza

Hahaa, mawe meupe barabara nzima! Huku wanakuja bila taarifa. Kisheria haipiti miezi 15 kati ya ukaguzi na ukaguzi, kwa hiyo ikishapita miezi tisa tangu ule wa mwisho kila gari geni kwenye maegesho linakupandisha presha. Wanaingia watu wanne watano, wanakaa siku kadhaa, na hawaanzii ofisini kwako. Wanaanza kwa wazee. Wanauliza: unapata maji ya kunywa? Ukiita wanakuja? Kuna mtu anakusemea vibaya?

Kila kosa linapewa herufi, A hadi L, kwa uzito na kwa ukubwa wa waliodhurika. Kuanzia J ni hatari ya papo hapo, na hapo watu hawalali. Ukipokea ripoti una siku 10 kuandika utakavyorekebisha.

Kitu kinachowatesa manesi wangu kuliko vyote ni dawa. Mkaguzi anasimama nyuma ya nesi na kuhesabu, walau nafasi 25 za kutoa dawa. Makosa yakifika asilimia 5 umeandikiwa. Nafasi 25, kosa moja ni asilimia 4, umepona. Mawili ni 8. Na kosa si lazima liwe dawa ya mtu mwingine. Nilikuwa na nesi wa miaka 20 kazini, mikono dhahabu. Mkaguzi amesimama, yeye akachoma insulini ya kalamu bila kutoa kwanza uniti mbili za kuondoa hewa kwenye sindano. Kosa. Chumba kinachofuata akamimina dawa ya maji bila kutikisa chupa. Kosa. Alilia kwenye stoo ya nepi. Nilikaa naye juu ya katoni tukiwa kimya, kisha nikamwambia aende nyumbani na kesho awahi.

La kunyanyasa wazee halina mjadala. Tuhuma ya kunyanyasa ina saa mbili tu kuripotiwa jimboni, iwe Krismasi, iwe uko kanisani. Nimewahi kuandika ripoti nimekaa kwenye gari nje ya harusi, kitenge kimenibana mbavu.

#10 Bibi Harusi wa Zamani

Dada mimi naogopa moja. Mama mkwe wangu yuko nesingi homu huku Texas, amepoteza kumbukumbu. Kila nikienda jioni namkuta amelala fofofo. Wanampa dawa za usingizi ili wapumzike wao?

#11 Nesi wa Muheza

Sijui anapewa nini, lakini una njia ya kujua. Kama wewe au mumeo ndiye mwakilishi wake kisheria, ombeni orodha ya dawa zake na sababu ya kila moja. Ni haki yenu. Sheria ya mwaka 1987 iliyobadilisha nyumba hizi inakataza kumfunga mtu kwa kamba au kwa dawa ili kuwarahisishia wafanyakazi. Dawa ya akili inayotolewa "akihitaji" ina kikomo cha siku 14, na ile jamii ya kutuliza wenye wazimu haiongezwi mpaka daktari amwone mgonjwa mwenyewe tena. Ulizeni swali hili kwa sauti ya upole: mara ya mwisho mlijaribu kupunguza lini? DON mzuri atakuwa na tarehe. Asiye na tarehe ataanza kukuelezea maradhi.

Nikupe kisa. Tulikuwa na bibi aliyekuwa anapiga kelele kila siku kuanzia saa tisa mchana, "msiniache, msiniache." Nesi akaomba dawa, daktari yuko tayari kusaini. Nilikuwa nimeshajizoesha kuuliza wahudumu kwanza, nikamuuliza kijana wa zamu ile. Akasema: chumba chake kinatazama mlango wa wafanyakazi. Saa tisa zamu ya asubuhi inatoka, watu wamevaa makoti, wamebeba mikoba, wanapita mmoja mmoja. Anadhani wote wanaondoka na yeye kasahaulika.

Tukahamishia kiti chake upande wa jiko muda ule, kwenye harufu ya mkate. Sitasema alinyamaza kabisa, alikuwa na siku zake. Lakini dawa haikuandikwa.

#12 Dada Njiro

Ulijizoeshaje kuuliza? Maana huku nesi mwanafunzi ukimwambia sista kitu unaambiwa "umesoma mwaka wa ngapi".

#13 Nesi wa Muheza

Naingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku tatu za wiki, kabla zamu ya usiku haijatoka. Sipitii ofisini, maana nikikaa sitoki. Nashika upande mmoja wa kitanda, mhudumu mwingine, tunageuza mtu. Halafu nauliza swali moja: umeona nini usiku? Nikiuliza "kila kitu sawa?" naambiwa sawa, nami nimelipwa nilichouliza.

Wiki za kwanza walinijibu hakuna. Walidhani natafuta wa kumfukuza. Kisha mmoja akasema bibi wa chumba cha mwisho haachi chakula ila nguo zinamlegea. Tukampima, alikuwa ameshuka kilo nne kwa mwezi na mzani ulikuwa umeandikwa kwa kukopi wa mwezi uliopita. Nilimshukuru mbele ya nesi wake, kwa makusudi. Baada ya hapo walianza kunisubiri mlangoni.

Na jambo moja mdogo wangu ambalo vitabu vyao vya zamani havisemi vizuri: kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, hautauona. Weka mgongo wa kiganja. Tafuta joto kuliko pembeni, au ugumu, au pamelegea. Mzee akikunja uso, umefika.

#14 Mzee wa Kahawa

Nimesoma yote. Marahaba ya mwanzo sikuitika, naitika sasa. Lakini niruhusu nikuchome kidogo mwanangu. Huku Tanzania makao ya serikali kama Nunge pale Kigamboni ni ya wazee wasio na ndugu, sisi wengine tunatunzwa na watoto. Wewe unawageuza wazazi wa Wazungu kila saa mbili. Mama yako Muheza nani anamgeuza?

#15 Nesi wa Muheza

Mzee, umenichoma palepale.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia. Anayemgeuza ni binti wa kazi, ana miaka 22, wa kutoka Korogwe. Kaka yangu analala nyumba ileile lakini mama hataki kuogeshwa na mwanawe wa kiume. Binti namlipa mimi mwenyewe, moja kwa moja kwenye simu yake, na Jumapili mchana shangazi anampokea zamu apumzike. Godoro la upepo nililinunua Dar, umeme ukikatika linanywea, basi tumefundishana mito. Sina jibu jingine la kukupa. Tiketi ni ghali na karatasi zangu za likizo zinasainiwa na mtu anayeangalia namba.

Kila Jumapili napiga video. Mwanzoni nilikuwa namwambia binti geuza kamera huku, nionyeshe mgongo, nionyeshe kisigino, kama mkaguzi. Akawa ananiogopa. "Bibi mzima dada, hamna kitu." Nikajisikia aibu, maana swali ninalowauliza wahudumu wa Marekani yeye sikuwahi kumuuliza. Nikaanza: umeona nini wiki hii?

Mwezi uliopita akasita kidogo, akasema uji unabaki shavuni, upande wa kulia, hata dakika kumi baada ya kumeza. Nani alimfundisha kuangalia shavu? Hakuna. Hicho ndicho kinachowapalia watu wa kiharusi wakilazwa baada ya kula, kinashuka kwenye mapafu. Nikamwambia amkalishe wima kabisa, kijiko kiingie upande wa kushoto, uji uwe mzito kidogo, na akimaliza apitishe kitambaa ndani ya shavu, mama akae wima nusu saa ndiyo alale.

Jumapili iliyopita nimepiga, hata salamu hatujamaliza, naona kioo chote ni kitu cha kahawia chenye mistari. Nikauliza, nini hicho? Akasema, "Kisigino dada. Cha kushoto. Joto lake si sawa na cha kulia, nimekushikia uone."